Nyumba za Ibada na Mafuriko ya Mto Tana

Watu wakaao kando ya Mto Tana wajua jambo moja ambalo mgeni huliona kuwa la ajabu. Mafuriko yaweza kuingia kijijini siku ambayo mbingu ni nyeupe na jua lawaka. Mvua iliyoleta maji hayo haikunyesha Hola wala Garsen. Ilinyesha mbali sana, katika milima ya Nyandarua na miteremko ya Mlima Kenya, ambako mto huo huanzia. Kutoka huko Tana husafiri mwendo wa kilomita zipatazo 1,000 mpaka kuingia baharini karibu na Kipini.

Katika sehemu ya juu ya mto yamejengwa mabwawa matano ya kufanyia umeme, nayo ni Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981, ndilo kubwa kuliko yote. Wakati wa kiangazi mabwawa hayo huweka akiba ya maji. Lakini mvua ikizidi na Masinga likijaa, maji hupita na kushuka, na mabwawa yaliyo chini yake hayana nafasi ya kuyazuia yote. Ndipo maji huendelea na safari yake nyikani. Huchukua siku kadhaa kufika Garissa, kisha huendelea mpaka Hola na Garsen.

Siku hizo chache, baina ya kujaa kwa bwawa na kufika kwa maji, zina thamani kuliko fedha. Katika siku hizo mama aweza kuhamisha watoto na akiba ya nafaka, mfugaji aweza kupeleka mbuzi wake mahali pa juu, na mgonjwa aweza kubebwa kwa taratibu badala ya kukimbizwa usiku. Habari za mvua na za mabwawa hutangazwa. Lakini tangazo lililotolewa Nairobi si tangazo lililosikiwa kijijini, na lililosikiwa si lazima liwe limesadikiwa. Kazi ya kulifikisha tangazo mpaka mlangoni, na kulifanya lisadikiwe, ndiyo ambayo misikiti na makanisa yaweza kuifanya vizuri kuliko karibu watu wote.

MAMBO YALIYOTOKEA

Kenya imekwisha kuona mafuriko mengi makubwa. Wazee huyakumbuka yale ya mwaka 1961, na watu wazima wa leo huyakumbuka yale ya mvua za El Nino za mwaka 1997 na 1998. Katika vuli ya mwaka 2023 mvua za El Nino zilirudi, na watu zaidi ya 150 walikufa nchini. Kabla nchi haijapumua vema, masika ya mwaka 2024 yalifika kwa nguvu, na baina ya Machi na Mei watu wengine zaidi ya 250 wakapoteza maisha yao.

Misiba miwili ya mwezi wa Aprili mwaka 2024 yafaa kukumbukwa. Tarehe 28 mashua iliyokuwa ikivusha watu mahali ambapo barabara ilikuwa imefunikwa na maji, baina ya Madogo na mji wa Garissa, ilipinduka, na abiria kadhaa wakafa maji. Usiku wa kuamkia tarehe 29, karibu na Mai Mahiu, maji yaliyokuwa yamekusanyika nyuma ya tuta la reli ya zamani, kwa kuwa njia yake ya kupitia chini ilikuwa imezibwa, yalipasua na kushuka juu ya nyumba ambamo watu walikuwa wamelala. Zaidi ya watu 45 walikufa.

Misiba hiyo haikufanana. Ule wa Mai Mahiu ulikuja kwa saa chache, gizani, na watu hawakupata nafasi. Ule wa Madogo ulitokea mahali ambapo maji yalikuwa yamekwisha kuonekana siku nyingi. Kwa hiyo matayarisho yanatakiwa kuwa ya namna mbili: ya kuwaondoa watu mapema ikiwa upo wakati, na ya kuwaamsha na kuwaokoa kwa haraka ikiwa wakati haupo.

KWA NINI WATU HAWAONDOKI

Ni kosa kudhani kwamba mtu akataaye kuhama ni mjinga au mkaidi. Mkulima wa Kipokomo aliyepanda mpunga na ndizi ukingoni ana sababu yake. Mafuriko ya kadiri ndiyo yaletayo udongo mpya wenye rutuba, na babu zake waliishi kwa kuyangojea. Mfugaji wa Kiorma aogopa kuacha mifugo. Mjane aogopa wezi. Wengine waliambiwa mwaka fulani wahame, wakahama, maji yasije, wakarudi wakachekwa. Na wengi huuliza swali moja la haki: wakiondoka, watalala wapi?

Maswali hayo hayajibiwi na karatasi iliyobandikwa ukutani. Hujibiwa na mtu ajulikanaye. Imamu aliyemwozesha bwana na kumzika baba yake, au mchungaji aliyembatiza mtoto na kumtembelea mama akiwa mgonjwa, akisema kwamba maji yaja na kwamba yeye mwenyewe ahama leo pamoja na jamaa yake, neno lake lina uzito. Tena nyumba ya ibada iko hata mahali pasipo na ofisi, zahanati wala duka. Watu hukusanyika humo kila juma pasipo kuitwa, wanaume kwa wanawake, na habari iliyosemwa baada ya sala ya Ijumaa au ibada ya Jumapili hufika nyumbani kabla ya chakula cha mchana.

Nguvu hiyo ilionekana wazi wakati wa ugonjwa wa korona. Mwezi wa Machi mwaka 2020 mikutano ya ibada ilisimamishwa katika Kenya. Baadaye liliundwa baraza la viongozi wa dini mbalimbali ili lipange masharti ya kufungua tena, na mwezi wa Julai nyumba za ibada zikaanza kufunguliwa kwa masharti magumu, kama vile watu wasizidi 100 na ibada isizidi saa moja. Masharti hayo yaliwahuzunisha wengi, lakini yalipotangazwa na viongozi wao wenyewe yalikuwa mepesi kupokewa kuliko kama yangetangazwa na polisi.

KUJIANDAA SI KUKOSA IMANI

Wako wasemao kwamba kuyapangia mafuriko ni kumwingilia Mungu kazi yake, kwa maana yaliyoandikwa yatakuwa. Maneno hayo husemwa kwa moyo safi, na hayafai kudharauliwa. Lakini Waislamu na Wakristo wote wazijua habari za Nuhu, aliyejenga safina wakati nchi ilikuwa kavu. Tena wazijua habari za Yusufu katika nchi ya Misri, aliyeweka nafaka ghalani katika miaka ya neema kwa ajili ya miaka ya njaa. Hakuna dini hata moja kati ya hizo iwahesabuo watu hao kuwa wenye imani haba. Kiongozi wa dini akilieleza jambo hili mapema, katika mwezi wa kiangazi, watu hulipima kwa utulivu. Akingoja mpaka maji yawe mlangoni, hakuna asikilizaye hotuba.

Vivyo hivyo yafaa kuwa na hadhari juu ya maneno ya baada ya msiba. Mhubiri akisema kwamba waliokufa waliadhibiwa kwa dhambi zao, huwatonesha jeraha waliofiwa, na huwafanya wengine wasahau mfereji ulioziba na nyumba iliyojengwa katika njia ya maji.

KAZI YA KABLA YA MAJI

Utabiri wa majira hutolewa kabla ya masika, ambayo ni Machi mpaka Mei, na kabla ya vuli, ambayo ni Oktoba mpaka Desemba. Huo ndio wakati wa kazi. Mambo sita yaweza kufanywa na kijiji chochote pasipo gharama kubwa.

La kwanza ni kamati moja. Msikiti ukiwa na kamati yake na kila kanisa likiwa na yake, watu watapewa maneno manne juu ya mto mmoja. Yafaa iwe kamati moja ya dini zote, ikifanya kazi pamoja na chifu, wazee wa kijiji na watu wa Msalaba Mwekundu. Wanawake wawemo kwa haki, kwa sababu wao ndio wajuao nyumba gani ina mzazi wa juzi na nyumba gani ina kikongwe asiyeweza kutembea.

La pili ni daftari. Yaandikwe majina ya vipofu, viwete, wagonjwa, wajawazito, wazee wakaao peke yao na watoto wasio na wazazi, na kando ya kila jina liandikwe jina la mtu atakayemchukua. Daftari lisilo na jina la mchukuaji halimwokoi mtu.

La tatu ni mahali pa kukimbilia. Si kila nyumba ya ibada yafaa. Nyingine zimejengwa ukingoni kabisa kwa ajili ya kupata maji. Wazee waulizwe maji yalifika wapi mwaka 1961 na mwaka 1997, na alama ziwekwe. Nyumba iliyofikiwa wakati huo haiwezi kuwa kimbilio, hata ikiwa ni kubwa na nzuri namna gani. Tena ijulikane ufunguo u kwa nani, na nani ana ufunguo wa pili.

La nne ni ishara. Kengele ya kanisa na kipaza sauti cha msikiti husikika mbali, lakini kama kengele ya hatari ni sawa na ya Jumapili watu watageuka tu na kulala tena. Ishara ya hatari iwe ya namna yake peke yake, ijaribiwe mchana watu wote wakijua, na pawepo ngoma au baragumu kwa siku ambayo umeme hakuna na simu hazishiki.

La tano ni akiba: maturubai, mikeka, kamba, taa, madumu ya maji na dawa ya kusafishia maji. Sehemu ndogo ya sadaka ya kila mwezi, ikiwekwa kando kwa shauri la waumini wote, hutosha kuanzia.

La sita ni ukweli wa tangazo. Msomaji wa tangazo aseme limetoka kwa nani na lilitolewa siku gani, alisome kama lilivyo, wala asiongeze chumvi. Uvumi mmoja wa uongo wawezea kuua watu katika mafuriko yatakayofuata, maana hawatasadiki tena.

MFANO WA NCHI YA MBALI

Mwezi wa Novemba mwaka 1970 kimbunga kikubwa kilipiga pwani ya nchi ambayo leo ni Bangladesh, na kwa hesabu ya chini watu 300,000 walikufa. Wengi hawakupata onyo, na waliopata hawakujua la kufanya. Baada ya msiba huo serikali na chama cha Hilali Nyekundu walianzisha mpango wa wajitoleaji vijijini, ambao sasa ni zaidi ya 70,000, wanawake kwa wanaume. Wao hupita nyumba kwa nyumba na vipaza sauti vya mkono, hupandisha bendera za hatari, na vipaza sauti vya misikiti hutumiwa kutangaza. Pia yamejengwa majumba imara ya kukimbilia. Mwaka 2007 kimbunga Sidr kilipofika, watu wapatao 3,400 walikufa. Huo ulikuwa msiba mkubwa, lakini ukilinganishwa na ule wa mwaka 1970 mtu aona faida ya onyo linalofika na kusadikiwa.

Bahari ile si Mto Tana, na vimbunga si mafuriko ya mto. Hata hivyo kanuni ni moja: onyo lisemwe na mtu ajulikanaye, kwa sauti ijulikanayo, na mahali pa kwenda pawe pamekwisha kutayarishwa.

SIKU YA MAJI

Maji yafikapo, hatari kubwa ni haraka na ujasiri usio na maana. Maji yaendayo kasi, hata yakiwa ya kina cha sentimita 15 tu, yaweza kumwangusha mtu mzima, na yakiwa ya sentimita 60 yaweza kuchukua magari mengi. Kwa hiyo asivuke mtu kwa miguu wala kwa gari mahali ambapo maji yapita juu ya barabara, wala asipande mashua iliyojaa kupita kadiri yake. Kuwazuia vijana wasivuke ni kazi inayomfaa mzee wa kanisa au imamu kuliko mtu mwingine, maana wao hawaoni haya kumtii.

Katika kimbilio, mtu asiulizwe dini yake mlangoni. Wakristo watalala msikitini na Waislamu kanisani, kila mmoja akiheshimu adabu za nyumba aliyoingia. Wanawake na watoto wapewe sehemu yao, taa iwashwe usiku kucha njia ya choo, na pawepo watu wa zamu wanaoaminika. Vyakula vipikwe namna ambayo wote waweza kula, na mnyama achinjwe kwa namna ambayo Mwislamu hatakataa nyama yake. Mambo hayo yaonekana madogo, lakini ndiyo yamfanyayo mtu akubali kuhama mwaka mwingine.

BAADA YA MAJI

Maji yakipungua, adui wa pili huingia, naye ni kipindupindu. Visima na vyoo huwa vimechanganyika. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, na mahali pa udhu na pa ushirika pasitumiwe maji yaliyochotwa mtoni ovyo. Mtu akiharisha sana, apelekwe kwa mganga wa hospitali upesi, na njiani anyweshwe maji safi lita moja yaliyotiwa vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vyote vikiwa vimesawazishwa.

Jambo la mazishi lataka maelezo. Watu wengi huamini kwamba maiti za waliokufa kwa mafuriko huleta tauni, kwa hiyo huzikwa upesi katika shimo moja pasipo kujulikana majina. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba miili ya watu waliokufa kwa msiba wa namna hii kwa kawaida haisababishi maradhi ya kuenea. Wako salama zaidi watu wakikaa mbali na maji machafu kuliko wakiogopa maiti. Kwa hiyo kila maiti atambuliwe, aandikwe, aoshwe na kuzikwa kwa heshima na kwa dini yake. Waliokufa kwa kipindupindu hawamo katika hesabu hiyo. Hao huzikwa kwa shauri la waganga.

Nchi za Afrika ya Magharibi zilijifunza jambo hili kwa uchungu. Katika ugonjwa wa Ebola wa mwaka 2014 mpaka 2016, uliowaua watu zaidi ya 11,000, wengi waliambukizwa katika kuosha na kuzika maiti. Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba angalau 20 katika kila 100 ya maambukizo mapya yalitoka mazikoni. Mwanzoni vikosi vilikuja vikachukua maiti pasipo sala, na watu wakaanza kuficha wafu wao. Ndipo mwaka 2014 masharti yakapangwa upya kwa shauri la viongozi wa Kiislamu na wa Kikristo: jamaa wasimame kwa mbali, sala isomwe, sanda iwepo, na maiti asiguswe. Mazishi yakawa ya salama na ya heshima kwa pamoja, na watu wakaacha kuficha.

MSAADA NA HAKI

Nyumba ya ibada iliyopokea magunia ya unga imepokea amana. Tangu mwaka 1994 uko mwongozo uliokubaliwa na Msalaba Mwekundu, Hilali Nyekundu na mashirika mengi ya misaada, usemao kwamba msaada hutolewa kwa kadiri ya shida, pasipo kutazama kabila wala dini, wala usitumiwe kumvutia mtu katika dini fulani. Muumini aweza kuitimiza amri ya zaka au ya sadaka kwa namna ya dini yake. Lakini kile kilicholetwa kwa ajili ya wote kigawiwe kwa wote. Hesabu ibandikwe mlangoni: kilichoingia, kilichotoka, na nani alipokea. Mahali ambapo hesabu haionekani, hata mtu mwaminifu husingiziwa wizi.

Tena msaada usikome siku mahema yafungwapo. Mkulima ataka mbegu kabla msimu haujapita. Mtoto ataka vitabu vyake. Mtu aliyepoteza kitambulisho ataka shahidi ajulikanaye wa kwenda naye ofisini. Aliyezika watoto wawili ataka mtu wa kuketi naye mwezi wa tatu, wakati wageni wote wamekwisha kuondoka. Magari ya misaada huja na kwenda, bali msikiti na kanisa hubaki palepale.

Yote hayo hayaiondolei serikali wajibu wake. Katiba ya mwaka 2010 imeiweka kazi ya kupambana na maafa mikononi mwa serikali ya taifa na serikali za kaunti pia. Kuyachunga mabwawa, kuzibua mifereji, kutoa utabiri na kuleta mashua ni kazi yao, na kamati ya dini yafanya vema ikiwakumbusha mapema kwa maandishi. Lakini mashua ya serikali haitajua kwamba nyuma ya mwembe wa tatu yumo kikongwe asiyesikia. Ajuaye hayo ni jirani yake wa safu moja katika sala.

Wahenga walisema, tahadhari kabla ya athari. Kijiji kilichokwisha kuandika daftari lake, kuchagua kilima chake na kuijaribu ishara yake hakitayazuia maji ya Tana yasishuke. Yatakapofika yataikuta mikeka imekwisha kuinuliwa, milango imefungwa, na watu wote wa daftarini, mmoja baada ya mmoja, wakihesabiwa juu ya kilima.